Hukuridhia kwa Kujua? Dai Pesa Yako

Umenunua viatu vya mtoto kwenye Amazon, ukabonyeza kitufe ulichodhani ni cha kumaliza malipo. Baada ya muda, taarifa ya benki inaonyesha umekatwa dola 14.99, na mwezi unaofuata vilevile. Hiyo ni ada ya uanachama wa Prime, ambao kwa kawaida huanza na siku 30 za bure. Wengi wakigundua hujitoa, kisha wakaihesabu ile pesa kuwa imepotea. Wanakosea. Kujitoa kunazuia makato yajayo tu. Yaliyokwisha kukatwa ni lazima uyadai.

Kwa anayeishi Marekani, madai hayo yana msingi wa kisheria. Sheria ya mwaka 2010 iitwayo ROSCA inamtaka muuzaji wa mtandaoni aeleze waziwazi masharti yote ya msingi kabla ya kuchukua namba ya kadi yako, apate ridhaa uliyoitoa kwa kujua kabla ya kukukata, na akupe njia rahisi ya kusitisha malipo. Kidole kilichoteleza si ridhaa.

Kwa sheria hiyo, Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliishtaki Amazon mwaka 2023 katika mahakama ya Seattle. Tume ilieleza kuwa ndani ya kampuni njia ya kujitoa ilipewa jina Iliad, ule utenzi mrefu wa Kigiriki wa vita vya Troya. Mteja aliyetaka kuondoka alizungushwa ukurasa baada ya ukurasa. Septemba 2025 shauri lilimalizwa kwa dola bilioni 2.5: bilioni 1 faini, bilioni 1.5 za kurudishia wateja. Amazon haikukiri kosa, lakini ilikubali kuweka kitufe cha wazi cha kukataa Prime.

Kwa hiyo jitoe leo, na upige picha ya skrini inayothibitisha. Kisha wasiliana na huduma kwa wateja, kwa maandishi ikiwezekana, useme: sikuridhia kujiunga, naomba nirudishiwe makato yote. Taja tarehe ya kila kato. Kama hujatumia manufaa yoyote ya Prime tangu kato la mwisho, sema hivyo mapema, kwa kuwa masharti ya Amazon yenyewe yanaruhusu kurejeshewa ada ya kipindi hicho.

Wakikataa, nenda benki. Kwa kadi ya mkopo, una siku 60 tangu kutumiwa taarifa yenye kato la kwanza unalolipinga, na pingamizi liwe la maandishi. Benki inapaswa kukiri kulipokea ndani ya siku 30 na kulimaliza ndani ya 90. Usiziache siku hizo zipite, maana hapa ndipo watu wetu wengi hushindwa. Kwa kadi inayokata moja kwa moja akaunti yako, unaweza kuiagiza benki izuie kato lijalo, angalau siku tatu za kazi kabla. Malalamiko ya kisheria yapeleke FTC na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako.

Vijana, kagueni na taarifa za benki za wazazi wenu wasiosoma Kiingereza. Na akipiga mtu akidai ni wa FTC, akitaka ada ili pesa yenu irudi, kateni simu: FTC haitozi chochote kumrudishia mtu haki yake.