Nyumba Zilizopeana Mgongo

Safari hii tunajifunza habari za nyumba zilizojengwa kwa kushikana katika mji wa Leeds, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1900.

Leeds ulikuwa mji wa viwanda vya nguo na vyuma. Wafanyakazi wengi walikwenda kazini kwa miguu, kwa hiyo walitaka kukaa karibu, na viwanja vikawa ghali. Mwenye kujenga nyumba za kupangisha akapiga hesabu. Nyumba ya peke yake inataka kuta nne. Zikijengwa kwa mstari, ukuta mmoja unatumiwa na majirani wawili. Na mistari miwili ikipeana mgongo, hata ukuta wa nyuma ni mmoja! Basi nyumba ya katikati inashirikiana na majirani kuta tatu. Matofali yanapungua, kodi inaingia.

Lakini hebu tufikiri: madirisha yatawekwa wapi? Mbele tu. Ukifungua dirisha, upepo unakutana na ukuta wa nyuma, hauna pa kutokea. Moshi wa makaa ya mawe, harufu ya mapishi, pumzi za watu, vyote vinabaki ndani. Mmoja akiugua kifua kikuu, nyumba nzima imo hatarini. (Sisi tunaojenga vyumba vya kupangisha vya namna hiyo, jambo hili linatuhusu pia.)

Ua wa nyuma haukuwapo. Nguo zilianikwa kwenye kamba zilizovuka barabara mpaka nyumba ya ng'ambo. Na choo je? Sheria ya mji ya 1866 ilitaka kundi moja lisizidi nyumba nane, kisha iachwe nafasi. Hapo ndipo vilipojengwa vyoo vya kushirikiana. Fikiria mama anatoka na mtoto usiku wa baridi kali! Nyumba za miaka ya 1900 zilikuwa na nafuu: nyingi zilikuwa na choo chake kila moja, chini kwenye chumba cha ardhini. Upepo, hata hivyo, haukupata njia.

Mwaka 1909 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kujengea wafanyakazi nyumba mpya za kupeana mgongo. Kumbe sheria iliacha mwanya: ramani zilizokwisha kukubaliwa kabla ya hapo ziliruhusiwa. Wajenzi wa Leeds walikuwa nazo tele. Wakaendelea kujenga mpaka 1937, yaani miaka 28 baada ya katazo. Maelfu ya nyumba hizo zina watu hata leo.