Uvimbe wa Shingo Usiouma

Kinachouma humpeleka mtu hospitali mbio, kisichouma hungojewa. Ndiyo maana kansa ya nyuma ya pua aghalabu hugunduliwa ikiwa imekwisha kusambaa. Huanzia juu ya koo, mahali pasipoonekana hata ukipanua kinywa mbele ya kioo, na mara nyingi watu wa nyumbani huijua kwa uvimbe mgumu shingoni, chini ya sikio, usio na maumivu.

Mama, papa, ukiushika uvimbe huo usiishie shingoni. Muulize mgonjwa: pua imeziba upande mmoja? Kamasi anayoitema asubuhi ina damu? Sikio moja limeziba au linavuma? Mtu mzima mwenye sikio moja lililoziba wiki kadhaa bila mafua achunguzwe na nyuma ya pua pia.

Kansa ikipanda hadi kwenye mfupa ulio chini ya ubongo, hubana mishipa ya fahamu. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, jicho hupinda kuelekea puani, uso hufa ganzi upande mmoja, kichwa huuma kila siku, kinywa hakifunguki vizuri, chakula humpalia. Jicho likipinda hivyo, maneno ya uchawi huingia nyumbani upesi. Ni mshipa uliobanwa. Hakuna jirani aliyehusika. Mgonjwa akikonda na kuumwa mgongo, huenda kansa imefika mifupani.

Msikubali uvimbe uchanjwe wala kuchomwa kienyeji. Aliyepewa dawa za kifua kikuu cha tezi, na uvimbe haupungui, arudi kwa daktari. Anzeni hospitali ya Kilwa, hapa Kongo, muombe barua ya kwenda Lubumbashi, zaidi ya kilomita 300, kwa daktari wa masikio, pua na koo, akate kipande kidogo cha nyama nyuma ya pua kipimwe. Safari ni ghali, najua, lakini kansa hii husikia sana matibabu ya mionzi, na hata iliyofika shingoni wengine hupona kabisa. Ng'ambo ya Ziwa Moero, nchini Zambia, ipo hospitali ya kansa mjini Lusaka; ulizeni kwanza kama mionzi inatolewa.

Kansa hii haiambukizi. Mle na mgonjwa sahani moja.

Damu ikimtoka puani kwa wingi, akae ameinama mbele, mbaneni pua, kisha mpelekeni hospitali. Asiyeweza tena kuponywa bado ana haki ya dawa ya maumivu, hata morfini: iombeni. Mpikieni uji laini, na asukutue kinywa mara nyingi kwa maji yenye chumvi kidogo.