Bunduki ya kulinda shamba

SWALI: Tumbili wananimalizia mihogo. Nikitaka kununua bunduki, nitachunguzwaje? – Mkulima, Micheweni, Pemba

JIBU: Kibali hutangulia, bunduki hufuata. Anza kwa sheha wako, maana ndiye anayejua unavyoishi na majirani. Hatua inayofuata ni polisi wa wilaya, kisha mkoa, ambao kwako ni Kaskazini Pemba, makao yake Wete. Hutazamwa rekodi ya jinai, utimamu wa akili, ulevi, hasira, sababu ya kuhitaji silaha na mahali utakapoifungia.

Kwingine uchunguzi ni wa haraka zaidi: kule Marekani, tangu 1998, muuzaji mwenye leseni huuliza habari za mnunuzi kwenye mfumo wa FBI, shirika la upelelezi la huko, na mara nyingi hujibiwa kwa dakika chache. Lakini mfumo huo husoma yaliyoandikwa tu. Sheha huyajua hata yasiyoandikwa. Ndiyo maana kwetu shughuli huchukua muda.

Ukipewa kibali, ni chako peke yako: usimwazime silaha mwanao wala jirani. Kwa tumbili, jaribu kwanza kulinda shamba kwa zamu na wenzako, na muone afisa wa misitu kabla ya kuua mnyama yeyote.