Kwa Nini Tangi la Petroli Huhitaji Hewa

Mtu atobolapo kopo la maziwa tundu moja tu, maziwa hudondoka kidogo, kisha hukoma. Akitoboa tundu la pili ng'ambo ya lile la kwanza, hutiririka. Jambo hilo hilo ndilo linalowazimishia injini madereva wa magari makuukuu katika njia ya Igombe na Kayenze, wilayani Ilemela.

Chukua mfano wa Land Rover ya petroli, ya aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Mwenyewe ameiongezea tangi la pili, na kifuniko cha asili kilichopotea amekibadilisha kwa cha gari jingine. Gari huondoka vizuri, lakini baada ya kilometa kadhaa injini hukohoa na kuzimika. Fundi afunguapo kifuniko ili atazame mafuta, husikika mlio wa hewa ikiingia kwa nguvu. Akirudisha kifuniko, gari huwaka. Aghalabu pampu nzima isiyo na kosa lolote hung'olewa na kununuliwa nyingine.

Yafaa ieleweke kwamba pampu haivuti petroli. Kazi yake ni kupunguza kanieneo ndani ya chumba chake. Hewa iliyo juu ya petroli tangini ndiyo inayoisukuma petroli kuelekea huko. Kando ya Ziwa Viktoria, mahali palipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya angahewa ni takriban kilopaskali 88, ilhali pwani ni 101. Kwa hiyo Mwanza nguvu hiyo ni haba tangu mwanzo.

Sasa tundu la hewa limezibwa: labda kifuniko kipya hakina tundu, labda mpira wa hewa umebanwa wakati wa kufunga tangi la pili, labda nyigu wamejenga kiota cha udongo mdomoni mwake. Tuseme juu ya petroli pana nafasi ya lita 10, na injini imetumia lita 1. Kama nafasi hiyo ingekuwa na hewa peke yake, kwa kanuni ya Boyle kanieneo ingeshuka kutoka 88 hadi 80. Tofauti ya kilopaskali 8 juu ya bati la sentimeta 30 kwa 60 ni nguvu ya nyutoni 1,440, karibu sawa na uzito wa mifuko 3 ya saruji ya kilo 50. Kwa kweli tofauti huwa ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa petroli huendelea kutoa mvuke wake. Hata hivyo matangi ya bati jembamba hubonyea.

Jua la mchana huleta kinyume chake. Lita 45 za petroli zikipashwa joto kutoka nyuzi 20 hadi 35 za Sentigredi huongezeka kwa zaidi ya nusu lita, na mvuke nao huongezeka. Hapo mlio husikika hewa ikitoka. Ikiwa hakuna mlio wowote, na gari huwaka baada ya kupoa tu, kosa litafutwe kwingine: pengine petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba lililopita karibu mno na injini.

Wengine huondoa kifuniko na kuziba mdomo wa tangi kwa kitambaa. Injini haizimiki tena, na hilo ndilo linalowadanganya. Mvuke wa petroli huwa mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa la muuza samaki, na petroli huweza kutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kutoboa kifuniko kwa msumari nako si dawa, maana mvua huingia, na petroli humwagika kwenye kona.

Linalotakiwa ni kila tangi liwe na bomba lake la hewa, lipande juu kuliko mdomo wa kujazia, kisha lishuke nje ya gari, mbali na bomba la moshi, likiwa na vali ya kuzuia petroli gari lipindukapo. Ncha yake ifungwe wavu mwembamba kwa ajili ya nyigu. Kabla ya kuchomelea chochote, tangi lishushwe, kwani tangi tupu lenye mvuke hulipuka upesi kuliko lililojaa.