SOMO: Tutajuaje kama dawa ya saratani inafanya kazi?



Mtoto akivimba taya, wengi hudhani ni jino. Huenda ikawa saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, inayowapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Dk. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Kisu hakikuwaponya watoto. Dawa ndizo zilizoyeyusha uvimbe.

Dawa hupimwaje?

1. Kwanza hukatwa kinyama kidogo, kikatazamwa kwa hadubini.
2. Ukubwa wa uvimbe hupimwa na kuandikwa.
3. Baada ya dozi hupimwa tena. Uvimbe huu hukua upesi, na ukipata dawa inayoufaa hupungua upesi pia, pengine kwa siku chache.
4. Usipopungua, daktari hufikiria dawa nyingine.

Angalizo: Uvimbe ukitoweka, baadhi ya wazazi humrudisha mtoto nyumbani ili wawahi mpunga. Lakini chembe chache zisizoonekana zikibaki, ugonjwa hurudi, na safari hiyo huwa mgumu zaidi kutibika. Maliza dozi zote.

Ukiona uvimbe, wahi kituo cha afya, upelekwe Hospitali ya Mt. Fransisko, Ifakara, na ikibidi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Kumwombea mgonjwa na kumpeleka hospitali ni huduma moja.

Swali la kujadili: Katika jumuiya yetu, nani atamlimia mama anayeuguza mtoto mbali, ili asikatishe matibabu?