Hedhi Nyingi Ukubwani: Tusikae na Hofu

Akina mama wenzetu, tukipita miaka 40 hedhi hubadilika. Huruka mwezi, au hutoka nyingi mno. Usiku tunawaza: "Nimerogwa? Ni kansa?" Mara nyingi siyo. Mwili unakaribia kukoma hedhi, au kizazi kina uvimbe usio kansa. Lakini hofu haipimi. Zahanati ndiyo inapima.

Kusoma tumejifunza, basi tuandike kwenye daftari: tarehe ya kuanza, siku ngapi, vitambaa vingapi. Tukipitisha siku 7, tukilowanisha kitambaa kila saa, tukisikia kizunguzungu, au damu ikirudi baada ya mwaka mzima, twende upesi. Wataangalia kama damu imepungua mwilini. Ikilazimu, watatuandikia barua ya Bugando, Mwanza.

Swali: Hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?