MAJIRA YA SAFARI

Waulize watu watatu wa Tanzania mvua kubwa hunyesha mwezi gani. Mtu wa Dar es Salaam atajibu, "Aprili." Mtu wa Songea atajibu, "Januari." Mtu wa Dodoma atasema kwamba mwezi wa Aprili mvua za kwao zakaribia kwisha, na wakulima waanza kutazamia mavuno. Wote watatu wamesema kweli, nao ni watu wa nchi moja.

Basi, msafiri atakaye kuizunguka nchi hii asiulize tu, "Mwezi gani ni mwema?" Hakuna mwezi mmoja ulio mwema kila mahali. Na aulize hivi: "Niende wapi, kwa njia gani, na kwa kazi gani?" Akiisha kujua hayo, ndipo achague majira.

1. Ukubwa wa nchi

Itazameni ramani. Tanzania ina eneo la kilomita za mraba 945,000 hivi. Upande wa kaskazini yaanza karibu na Ikweta, kwenye nyuzi 1. Upande wa kusini yakaribia nyuzi 12. Mashariki kuna Bahari ya Hindi, na magharibi kuna Ziwa Tanganyika.

Tena nchi yenyewe si sawasawa. Pwani ni chini. Katikati ni uwanda wa juu. Kusini na kaskazini kuna milima mirefu. Mtu apandapo mlima, kila mita 1000 joto hupungua kadiri ya nyuzi 6 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo, asubuhi moja ya mwezi wa Julai watu wa Mtwara huenda kazini wamevaa nguo nyepesi, na siku ile ile watu wa Makete huamka wakaona jalidi, yaani umande ulioganda, juu ya majani. Na katika kilele cha Kilimanjaro, penye mita 5895, barafu huonekana mwaka mzima.

Mvua nazo si sawa. Bukoba hupata karibu milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata karibu milimita 600 tu, na tangu Juni hata Septemba huenda lisianguke tone.

2. Mvua hulifuata jua

Kwa nini mvua za kaskazini na za kusini hazinyeshi wakati mmoja? Jua hupita juu ya Ikweta mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba. Mwezi wa Juni liko juu ya nchi za kaskazini. Mwezi wa Desemba liko juu ya nchi za kusini. Palipo na jua la utosini hewa hupata joto ikapanda juu. Hewa nyingine yenye unyevu wa bahari hukimbilia mahali pake, nayo ikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Hivyo ukanda wa mvua hulifuata jua, ukichelewa kidogo nyuma yake.

Ukanda huo ukienda kaskazini, hupita pwani, Kilimanjaro na nchi za Ziwa Viktoria tangu Machi hata Mei. Mvua hizo ndizo masika. Ukirudi kusini, huzipita nchi zile zile tangu Oktoba hata Desemba. Hizo ndizo vuli. Lakini Songea, Mbeya, Dodoma na Tabora ziko karibu na mahali ukanda unapogeukia. Wafika, wageuka, wapita tena, na katikati hakuna nafasi kubwa ya ukavu. Kwa hiyo nchi hizo zina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili.

Pepo nazo hugeuka pamoja na jua. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi, nao ni wakati wa joto pwani. Tangu Aprili huvuma kusi, na mwezi wa Juni huja kipupwe, wakati wa baridi kidogo. Kati ya pepo hizo mbili kuna siku ambazo upepo hauna shina, wala haujulikani watoka wapi. Mabaharia huziita tanga mbili.

3. Jinsi wazee walivyochagua

Watu wa zamani hawakuwa na vitabu vya hali ya hewa, lakini majira waliyajua sana, maana aliyekosea alilipa kwa mali yake au kwa uhai wake.

Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi, yakiwa na tende na nguo, yakarudi kwa kusi yakiwa na boriti na karafuu. Lakini mwezi wa Juni na Julai kusi hupata nguvu sana, na bahari ya Arabuni huchafuka mno. Kwa hiyo nahodha mwenye akili aliondoka mapema kabla kusi haujakaza, ama alingoja hata demani, wakati upepo ulegeapo mwisho wa Agosti.

Bara nako wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na desturi yao. Walishuka pwani wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu na mito imepungua, na wengi wao walijitahidi kurudi kwao kabla ya mvua za kulima. Waliyapatanisha majira ya safari na majira ya jembe.

Asiyeyafuata majira aliona taabu. Bwana Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika Unguja mwezi wa Januari 1871 ili aende kumtafuta Daktari David Livingstone. Alitaka kutoka upesi kabla ya masika, lakini kupata wapagazi kulimkawilisha. Akaondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi, siku zile zile ambazo masika huanza. Alipofika bonde la Mkata, kati ya Morogoro na Kilosa, alikuta nchi imegeuka ziwa la maji na matope. Watu walipita ndani ya maji wamebeba mizigo vichwani. Punda wakafa mmoja baada ya mwingine. Na Stanley mwenyewe akapatwa na kuhara damu. Alimpata Livingstone huko Ujiji mwisho wa mwaka ule, lakini mali na nguvu alizozipoteza bondeni hazikurudi.

4. Maji hayajasahau njia yake

Labda mwanafunzi atasema, "Hayo yalikuwa ya zamani, siku hizi kuna magari, reli na ndege." Ni kweli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa safari ya siku. Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hata Dodoma kwa saa chache. Lakini mvua haikuacha kunyesha, na mito haikuacha kupita katika mabonde yake.

Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 mafuriko yaliikata Reli ya Kati upande wa Kilosa, si mbali na bonde lile lililomtesa Stanley, na treni za abiria zikasimama. Mwaka 2024 masika yalikuwa mazito kuliko kawaida. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo, na kaya zaidi ya 50,000 zimepatwa na madhara. Mwanzo wa Mei mwaka huo huo kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika.

Tena si kila njia ina lami. Mahali pengi bara kuna udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, una nyufa. Ukinyeshewa hunata, na gari likikwama humo yaweza kupita siku nzima kabla halijatoka.

5. Mpango wa safari moja

Tuseme mtu ana miezi mitano, naye ataka kuizunguka nchi yote. Yafaa aanze Juni na kumaliza mwanzo wa Novemba, kwa maana hiyo ndiyo miezi mikavu kwa sehemu kubwa ya nchi. Lakini hata ndani ya miezi hiyo mpango una maana.

Mwezi wa Juni akae pwani, Dar es Salaam na Tanga. Masika yamekwisha, na hewa ni ya kipupwe. Akivuka kwenda Unguja na Pemba apande meli kubwa, asipande mashua ndogo, kwa sababu ya kusi.

Mwezi wa Julai aende Moshi na Arusha, naye achukue blanketi na sweta. Mwezi wa Agosti afike Mwanza na Bukoba. Asikawie huko, maana upande ule wa ziwa mvua hurudi mapema. Mwezi wa Septemba ashuke Kigoma, kisha apande treni kwenda Tabora na Dodoma kabla mvua za magharibi hazijaanza.

Nchi za juu za kusini, yaani Iringa, Njombe na Mbeya, aziweke mwezi wa Oktoba. Baridi kali ya Juni na Julai imekwisha, na mvua bado. Mwisho apite Songea na Masasi hata Mtwara, ambako mwezi ule watu waokota korosho na kuzianika. Mtu akiugeuza mpango huu, akaanza Njombe na kumaliza Bukoba, atapata baridi yote mwanzoni na mvua yote mwishoni.

6. Kila safari na nia yake

Hata hivyo, miezi mikavu haimfai kila mtu. Atakaye kuona nyumbu wakizaa katika mbuga za kusini ya Serengeti, hana budi kwenda mwezi wa Februari, kati ya vuli na masika. Akienda Agosti atakuta wengi wao wamehamia kaskazini, ukingoni mwa mto Mara. Atakaye kupanda Kilimanjaro aweza kuchagua Januari na Februari, ama tangu Juni hata Oktoba. Lakini Aprili njia huteleza, na mawingu huufunika mlima. Naye atakaye kujifunza kilimo hawezi kukimbia mvua, kwa kuwa mvua ndiyo aliyoiendea.

Tena msafiri awafikirie wenyeji wake. Mwezi wa Januari mkulima wa Dodoma yuko shambani tangu alfajiri, apalilia, na ghala yake imepungua. Mgeni akija wakati huo hatafukuzwa, lakini atakuwa mzigo asipochukua jembe. Akija Julai, baada ya mavuno, atakuta chakula kipo, na wenyeji wana nafasi ya kuzungumza. Mvua imwudhiyo msafiri ndiyo imlishayo mwenyeji, msafiri asiilaani.

Na kabla ya kuondoka, asikilize habari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika, wa vuli, na wa msimu mmoja, na hutoa onyo mvua kubwa zikikaribia. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mtu wa bondeni hayaoni mawingu yaliyoko mlimani. Huyaona maji tu, nayo yamekwisha fika. Akiukuta mto umefunika daraja, asiuvuke, ijapokuwa wengine wamemtangulia. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima. Na angoje ng'ambo hii, hata kama ni siku mbili. Wazee walisema, "Kawia ufike." Aliyekawia hufika, na aliyechukuliwa na maji harudi kueleza haraka yake ilikuwa ya nini.

MASWALI

1. Kwa nini pwani hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na Songea mara moja?
2. Taja pepo mbili kubwa za pwani, na miezi ambayo kila mmoja huvuma.
3. Wapagazi wa Kinyamwezi waliyapatanishaje majira ya safari na majira ya kulima?
4. Ni nini kilichomkawilisha Stanley mwaka 1871, naye alipata hasara gani bondeni Mkata?
5. Mtu ataka kwenda Kigoma na Njombe katika safari moja, naye ataondoka mwezi wa Agosti. Aanze wapi? Toa sababu zako.
6. Andika majira ya mahali mnapokaa, mwezi kwa mwezi: mvua, upepo, baridi na kazi za shamba. Kisha umwandikie mgeni barua fupi, umshauri aje mwezi gani, na kwa nini.